Steringi Bubu

Wengi wetu tuliokulia ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa tulimjua Arnold Schwarzenegger kuwa mtu wa maneno mengi. Katika mabanda ya vidio ya Likoni na Kisauni, alikuwa hafyatui risasi kabla hajaeleza nani kamtuma, nani kamchokoza, na kwa nini adui wake leo hatarudi kwake kula chakula cha usiku. Alikuwa na mipasho. Alikuwa akitaja mitaa ya Nairobi ambayo, kwa kadiri nijuavyo, hajawahi kuikanyaga. Sauti bila shaka haikuwa yake. Ilikuwa ya msimulizi aliyekaa na maikrofoni, akakipunguza Kiingereza mpaka kikawa mnong'ono, kisha akaibeba sinema nzima kwa Kiswahili cha mtaani. Kwa upande wetu wa Kenya bingwa wa kazi hiyo ni DJ Afro. Waganda wana maveejay wao, VJ Jingo akiwa mmoja wa wakongwe, na Watanzania walikuwa na Lufufu, aliyesimulia kanda tangu enzi za VHS.

Nilipokuja kuiona The Terminator ya mwaka 1984 ikiwa mbichi, bila msimulizi, nilidhani mashine imeharibika. Yule bwana anaipita filamu nzima kwa maneno yanayoweza kuandikwa nyuma ya risiti ya duka. Nikamwambia mwenye nyumba aongeze sauti. Akaongeza. Arnold akaendelea kunyamaza.

Nayatanguliza haya kwa sababu malalamiko ya dunia juu ya gemu za sinema ni ya namna nyingine kabisa. Mtu wa London au Chicago ananunua gemu ya filamu aliyoipenda, anakimbia nayo nyumbani, halafu anakuta uso ni wa mwigizaji wake lakini sauti ni ya mtu baki, na ule muziki uliomsisimua ukumbini haumo. Anaudhika, na ana haki ya kuudhika. Sisi tatizo letu lilianzia mbali zaidi: steringi tuliyekuwa tukimtafuta ndani ya gemu, Hollywood yenyewe haikuwahi kumsikia.

Basi Spider-Man 3 ilipotoka mwaka 2007, filamu na gemu yake pamoja, mpwa wangu akawa hasikii la mwadhini wala la mnadi sala. Usiku Spider-Man, asubuhi Spider-Man, shuleni daftari la hesabu limejaa utando. Baada ya kumzungusha mpaka ahadi zikaniishia, tukaenda kwa kijana mmoja wa kompyuta huko Kisauni. Alikuwa na kibanda cha mabati chenye feni moja, na ile feni haikumwelekea yeye wala mteja; ilielekea mashine zake, ambazo zote zilikuwa zimevuliwa vifuniko na kukaa matumbo wazi. Ukutani alibandika orodha ya gemu iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi. Unachagua, unatoa flashi yako, anakupakilia, unalipa, unakwenda zako. Gemu ya kompyuta ya ukubwa ule kwa kawaida hujaza magigabaiti kadhaa. Ya kwake iliingia kwenye flashi yangu ndogo na nafasi ikabaki ya kaswida.

"Mbona nyepesi hivi?" nikamuuliza.

"Imekondeshwa, bro. Kila kitu kimo. Mafuta tu ndiyo yametolewa."

Tukarudi kwetu Mlaleo, tukaiweka. Ikafunguka vizuri. New York ilikuwako, maghorofa yalikuwako, magari, taa za barabarani, watu wanaokwenda kazini. Spider-Man akarusha utando, akaning'inia, akaruka, raha tupu. Kisha tukafika mahali pa hadithi. Peter Parker amekutana na Mary Jane. Midomo ya Peter ikafunguka, ikafumba, ikafunguka tena. Mikono ikapanda kuonyesha kwamba hapa pana jambo zito. Mary Jane akajibu kwa kirefu, akageuka, akatikisa kichwa. Na katika muda wote huo hakuna kilichosikika isipokuwa mngurumo wa kompyuta na mama mmoja huko nje anayepita akitangaza mahamri. Walisimama wakitazamana hivyo mpaka mimi mwenyewe nikaona haya kuwaangalia. Halafu Mary Jane akaondoka.

"Mjomba," mpwa akaniuliza, "amemwambia nini?"

"Wameachana."

"Kwa sababu gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mafuta ni nini. Gemu ina sehemu zinazoifanya isimame na sehemu zinazoifanya ieleweke. Majengo, miili ya watu, kanuni za mchezo, hivyo ukivigusa yote inaanguka. Lakini faili za mazungumzo, za muziki na za vile vipande vya sinema vya katikati unaweza kuzing'oa, ukaweka pahali pake faili tupu zenye majina yaleyale, na programu isishtuke. Inaita sauti, inapewa kimya, inaridhika, inaendelea. Na maongezi yaliyorekodiwa kwa saa nyingi ndiyo yanayokula nafasi. Kwa hiyo waliotaka kuibana gemu ipite kwenye intaneti ya kujikokota, au ienee kwenye sidii moja ya megabaiti 700, kisu chao kilianzia kooni. Tobey Maguire alikuwa ameingia studio yeye mwenyewe, akarekodi sauti yake kwa ajili ya gemu hiyo. Mikataba ikaandikwa, wanasheria wakatia saini. Kisha mtu mmoja asiyemjua, katika chumba fulani ambacho hakuna anayekijua, akamfuta kwa kidole kimoja ili apate kufika Mlaleo akiwa mwepesi.

Na cha kuchekesha ni kwamba intaneti yenyewe Kenya inaingilia kwetu. Waya wa TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah ukaibukia Mombasa mwaka 2009, na wa SEACOM ukaanza kazi Julai ya mwaka huohuo. Wakubwa wakahutubia ufukweni, magazeti yakaandika kwamba nchi imetoka gizani. Mimi nilichosubiri ni Peter Parker apate sauti. Lakini ule mwanga wote ulipita chini ya miguu yetu ukashika njia ya Nairobi, na pale kibandani orodha ikabaki ileile, gemu zimekonda vilevile.

Mpwa wangu alikuwa darasa la nne, na talaka isiyokuwa na sababu haikumwingia akilini. Akaanza kuwasemea. Kwanza alimsemea Spider-Man peke yake, kwa ule mtindo wa msimulizi wa vidio, maneno hayana kituo, kila ngumi na maelezo yake. Kisha akazoea, akagawa vyeo. Sandman, lile jitu la mchanga, akamfanya utingo wa lori la mchanga ambaye hajalipwa tangu mwezi uliopita, na kwa hiyo kila anachokivunja mjini kina hoja ndani yake. Jambazi yeyote aliyevaa suti alikuwa dalali wa nyumba. Na Mary Jane alimpa sauti ya mamake, yaani dadangu mkubwa, pamoja na maneno yake yote: unarudi saa hizi ulikuwa wapi, nguo hizo nani atafua, kwani mimi nimeolewa na buibui?

Dadangu alimsikia kutoka jikoni. Hakucheka. Alitaka kujua kama kweli anaongea vile. Tukamhakikishia kwamba haongei vile, kwa sauti ya watu wanaopenda kuendelea kula hapo nyumbani.

Nyumba yetu na ya jirani zinashirikiana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa jina tu. Upande wa pili anakaa bibi mmoja mtu mzima, anayejua habari za mtaa wote bila kutoka mlangoni. Jioni moja, baada ya magharibi, tukasikia hodi. Alikuwa amejitanda leso, nyuma yake wanawake wawili wa makamo, na nyuso zao watatu zilikuwa za watu waliokuja kusuluhisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko wapi huyo mume?"

"Mume gani, bibi?"

"Huyo apandaye kuta za watu usiku. Nasikia kila siku hapa. Mara yuko juu ya paa, mara anapigana na watu wa mchanga, mke analia hana haki. Na sauti ya mke naijua, ni ya dadako. Mimi nimeuchuna vya kutosha."

Dadangu alikuwa ametokea na mwiko mkononi. Kwa muda kila mtu alimtazama mwenzake. Ikabidi tuwakaribishe ndani, tuwashe ile kompyuta, tuwaonyeshe mshitakiwa. Bibi akavuta kiti mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Akamwona kijana wa Kizungu anachezesha midomo.

"Mbona hasemi?"

"Sauti imekatwa, bibi."

"Kamkata nani?"

"Waliomkondesha."

"Lahaula."

Alikaa. Wale wawili nao wakakaa, maana chai ilikuwa imeshaandikwa. Mpwa akaombwa aanze mwanzo, na kwa kuwa sasa ana hadhira ya watu wazima, alijitia adabu, akapunguza matusi ya Sandman, akamwongezea Mary Jane hoja. Walipoondoka, hukumu ya bibi ilikuwa kwamba huyu mwanamke angekwenda kwa kadhi tangu mwanzo yasingefika huku, na kwamba mwanamume anayeficha uso kwa kitambaa ana mke wa pili mahali.

Tangu siku hiyo alikuwa akigonga ukuta kuuliza kesi imefika wapi.

Ami yangu wa Magongo, huko Changamwe, ni wa kizazi kingine. Yeye anataka kitu asilia. Ujana wake filamu za James Bond alizitazama katika ukumbi wa Regal, kisiwani, akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi ya makaa, na mpaka kesho Bond kwake ni Sean Connery. Waliofuata wote anawaita makaimu. Alipostaafu kazi ya bandarini, kijana wa jirani akafungua chumba cha pleistesheni ubavuni mwa nyumba yake: televisheni tatu, mabenchi, pazia la gunia kuzuia jua, mechi shilingi kumi. Ami alikwenda kulalamika juu ya kelele, akaona Bond kwenye skrini, akaomba asogezewe benchi.

Gemu ya kwanza aliyoikuta ni Nightfire, ya mwaka 2002. Ina uso wa Pierce Brosnan, lakini sauti ni ya Maxwell Caulfield. Ami hakuhitaji kuambiwa. Alisikiliza kidogo akasema, "Huyu kavaa kanzu ya mwenziwe." Miaka miwili baadaye ikaja Everything or Nothing, na Brosnan safari hii akaja na sauti yake. Ami akakubali kwamba angalau kaimu amefika kazini mwenyewe.

Halafu nikasikia kuhusu From Russia with Love. Filamu yake ni ya 1963, Connery akiwa na miaka thelathini na kitu, na mwaka 2005 watengenezaji wa gemu walimwendea Connery huyohuyo, sasa mzee wa miaka 75, wakamwomba arekodi upya maneno yote ili yawekwe kwenye umbo la ujana wake. Akakubali. Nilimpelekea Ami habari hizo mbio, kwa tuktuk, kana kwamba napeleka posa. Hapo tena huwezi kulalamika: uso wake, sauti yake, hadithi yake. Yule kijana akaiweka. Ami akakaza macho. Bond akatokea, amenyooka, nywele nyeusi, mwendo wa chui, akafungua kinywa.

"Masikini," Ami akasema. "Kazeeka."

"Ami, si huyo hapo? Mtazame."

"Namtazama. Mwili wa mjukuu, koo la babu. Mpeni maji."

Vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kabumbu wakaangua kicheko, na tangu hapo kila Bond alipotaka kusema neno mtu alipiga ukelele wa "Mpeni maji!" Mwenye chumba mwishowe akaiondoa ile sidii kwa sababu za kibiashara.

Lakini Ami si mtu wa mzaha tu. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi bandarini, na babake alikuwamo katika ule mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wakati vibarua wa gati walipoufunga mji. Kwa hiyo nilipomweleza jinsi biashara ya sauti inavyokwenda, aliielewa upesi kuliko mimi. Kampuni ikinunua haki ya kutengeneza gemu ya filamu, imenunua jina na hadithi. Uso wa mwigizaji ni mkataba wa pili. Koo lake ni mkataba wa tatu. Wimbo wa filamu una mtunzi wake, ana mchapishaji, na ile rekodi yenyewe ina mwenyewe, na kila mmoja anataka chake. Mahali pesa zinapokwisha ndipo anapoitwa mtu mwenye sauti inayofanana.

"Kibarua," Ami akasema.

Nikampa kisa cha Al Pacino, ambacho mimi bado sijakimaliza kukishangaa. Mwaka 2006 zilitoka gemu mbili. Moja ya The Godfather, filamu iliyompandisha Pacino mwaka 1972, na ndani yake Michael Corleone ana uso usiokuwa wake na sauti isiyokuwa yake. James Caan na Robert Duvall walikuja kusema maneno yao. Pacino hayumo hata kivuli. Nyingine ni Scarface: The World Is Yours, na huko uso wa Pacino upo, umejaa tele, lakini aliona sauti yake imebadilika mno tangu 1983, kwa hiyo akaidhinisha asemewe na André Sogliuzzo. Yaani mtu mmoja, mwaka mmoja, gemu mbili, na hukuweza kumsikia katika hata moja.

"Alimchagua mwenyewe huyo wa kumsemea?"

"Mwenyewe."

"Basi huyo ni nyapara mwema. Sisi tulichaguliwa na mvua."

Marlon Brando ndiye aliyemhuzunisha. Alirekodi maneno ya Don kwa ajili ya gemu hiyo ya The Godfather akiwa mgonjwa, anapumua kwa msaada wa hewa ya mtungi, na akafariki Julai 2004, miaka 80, kabla gemu haijatoka. Zile pumzi ziliingia kwenye rekodi, na sehemu kubwa ya alichosema ikabidi isemwe upya na mwingine. Ami aliuliza kama alilipwa. Sikuwa na jibu, akaona wazi kwamba utafiti wangu una pengo pale penye maana.

Miaka ilipopita nikamletea habari nyingine: waigizaji wa sauti wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, walizigomea kampuni kubwa za gemu kuanzia Oktoba 2016 hadi Septemba 2017.

"Miezi kumi na moja?" akasema. "Na hawakupigwa marungu?"

Wakagoma tena Julai 2024, safari hii wakihofia sauti zao kuigwa na kompyuta, mpaka katikati ya 2025. Hebu fikiri: kibarua naye ametafutiwa kibarua.

Pale chumbani Magongo, lakini, hakuna kijana aliyeuliza Pacino yuko wapi. Walikuwa wakiichezea The Godfather kwa sababu unaweza kumshika mwenye duka shati ukamkung'uta mpaka akubali kulipa, na wengi wao walikuwa na mwenye duka fulani kichwani.

Muziki una visa vyake. Gemu ya GTA: San Andreas, ya mwaka 2004, si ya filamu moja, ila imejengwa kwa harufu ya zile sinema za magenge ya Los Angeles, na utamu wake nusu ni redio za garini. Iliyotufikia sisi ilikuwa imekondeshwa vilevile. Unaiba gari zuri, unafungua redio, kimya. Unaiba jingine, kimya. Jiji zima la majambazi linaendesha magari kwa huzuni ya msiba. Sasa, ile ya kompyuta ilikuwa na folda maalumu ambamo mchezaji anaweza kuweka nyimbo zake mwenyewe zikalia kama stesheni. Watengenezaji nadhani walimfikiria mtoto wa California. Wa Mlaleo waliijaza bango la Mzee Ngala, Nyota Ndogo kidogo, na kwa kuwa kompyuta yetu ilikuwa na muziki wa arusi ya dadangu, taarabu ya Juma Bhalo.

Ninawaambia, huwezi kuwatoroka polisi ukiwa na Juma Bhalo. Mguu wenyewe unaondoka kwenye mafuta. Unaona nyota za polisi zinaongezeka juu ya skrini, helikopta imefika, na wewe unakata kona polepole, mkono nje ya dirisha, unangoja mwimbaji amalize beti. Mpwa wangu alikamatwa kila siku na hakubadilisha stesheni.

Baadaye wenye gemu halali wakaonja kidogo tulichoonja sisi. Ruhusa za nyimbo hizi zina mwisho wake. Mwaka 2018, GTA IV ilipotimiza miaka kumi, kampuni iliziondoa nyimbo kadhaa kwa kuwa leseni zimekwisha, hata kwa watu walioinunua kwa pesa zao na kuiweka kwao. Walilalamika sana. Mimi niliwasoma kwa utulivu wa mtu aliyetangulia.

Na wimbo wetu nao uliwahi kwenda na kurudi. Them Mushrooms walianzia hapahapa Mombasa, na Jambo Bwana yao ya mwaka 1982 ndiyo iliyowafundisha watalii kusema hakuna matata. Mwaka 1994 Disney wakatoa The Lion King, na mwaka huohuo gemu yake, yenye hatua nzima inayoitwa Hakuna Matata. Ile niliyoikuta Likoni ilikuwa ya tivi gemu, katriji la plastiki lenye picha ya Simba aliyechorwa na mtu ambaye hajamwona simba. Katika mashine zile hakukuwa na nafasi ya kuweka mwimbaji, kwa hiyo maneno yaliyotoka kwetu yalikuwa yamezunguka dunia yakarudi kivukoni hayana maneno, yanalia pi-pi-pi. Disney mwaka 2003 wakapata na hati ya kuyamiliki hayo maneno kama alama ya biashara nchini Marekani. Mbona hawakuchukua na ile pi-pi-pi sijui.

Ilitokea binamu yetu anayefanya kazi Dubai akaja likizo, na katika masanduku yake, katikati ya mablanketi na udi, alikuwa na Spider-Man 3 halali. Ina boksi. Ina kitabu. Ina karatasi ya plastiki ambayo watoto wote wa mtaa walitaka kuinusa. Niliiweka mwenyewe kwenye kompyuta, nikaunganisha spika mbili, na chumba kikajaa mpaka dirishani.

Peter Parker akakutana na Mary Jane. Akafungua kinywa, na kikatoka Kiingereza, sauti nyembamba ya kijana anayeomba radhi.

"Huyu nani?" mmoja akauliza.

"Ndiye mwenyewe," nikasema. "Tobey Maguire. Ndiye aliyecheza filamu."

"Mbona hasemi kama yeye?"

Wengine wakamwangalia mpwa wangu, wakamhurumia. Mimi nikaona niwafunze zaidi. Nikawaambia wamsikilize vizuri Mary Jane. Filamuni ni Kirsten Dunst. Uso huo ni wake. Lakini kwenye gemu hii hakuja kurekodi, na anayesema ni Kari Wahlgren. Nilikuwa na mengine ya kuongeza juu ya mikataba, lakini mpwa alikuwa ameshasimama.

"Kumbe huyu naye ni wa kukodi?"

"Ni wa kukodi."

"Analipwa?"

"Analipwa."

Akawageukia wenzake. Wakanong'onezana. Kisha akarudi kwangu na masharti: viazi karai sahani moja kwa kila kipande cha hadithi, pilipili mbali, na Sandman ahesabiwe peke yake kwa sababu anaumiza koo. Nilikuwa bado nazungumza naye bei ndipo ukuta ulipogongwa.

"Hee! Mbona leo wanasema Kizungu?" bibi akapaza sauti. "Wamehamia Nyali?"

"Wanarudi sasa hivi, bibi!" mpwa akamjibu, akachomoa waya wa spika.